Simu Iliyolala Kifudifudi

Mlio ndio ulionifikia kwanza. Nilikuwa bado kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, nao ukapenya kwenye mlango uliofungwa: trrrrr, kama kunde zinazomwagwa kwenye sinia la bati, zikatike ghafla, kisha zimwagwe tena. Nikajisemea kuna simu ya mtu imekufa spika. Nikajisemea pia, maana ndivyo nilivyo, kwamba mimi ndiye nitakayeitengeneza.

Nikagonga mlango.

"Ingia, kijana. Na uwashe taa usije ukajigonga kwenye kitanda changu."

Nilikuwa sijatamka neno. "Umejuaje kama ni kijana?"

"Wazee hawapandi ngazi mbili mbili."

Nikawasha taa. Chumba kilikuwa na kitanda cha kukandia chenye tundu la kuwekea uso, kigoda kimoja na feni iliyokuwa ikihangaika na joto la Daegu. Kwenye kigoda alikaa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nywele fupi, koti jeupe, macho yameelekea ukutani. Huyo ndiye Tak Sunrye, mkandaji wa kampuni, asiyeona. Mkononi alikuwa na simu, na skrini yake ilikuwa nyeusi tii. Kidole gumba chake kilikuwa kikitembea juu ya weusi ule, na kila kilipogusa, kunde zikamwagika.

"Mwalimu," nikasema, maana ndivyo tunavyowaita wakandaji wote, "simu yako imezimika."

"Haijazimika, nimeishushia pazia tu. Mwanga wa skrini ni wa nini kwangu? Unakula chaji bure."

"Na huo mlio?"

"Si mlio, ni maneno. Inanisomea."

"Maneno gani yanasemwa kwa kasi hiyo?"

Akaigusa tena. Kunde zikamwagika. "Inasema: ujumbe mpya mmoja, kutoka kwa Gil wa utawala. Nakuletea Pyo sasa hivi. Ni hodari ila anajiona. Mvumilie." Akacheka peke yake. "Pyo ndiye wewe?"

Ndiye mimi. Pyo Seungho, miaka ishirini na saba, kitengo cha utawala, katika kampuni inayotengeneza fremu za miwani. Na sikuwa najiona bure. Nilikuwa na sababu.

Mwaka mzima kabla ya siku hiyo watu wa ofisi walikuwa wakiniletea simu zao. Nilizifagia. Mtu ana programu mia na arobaini, hajui saba ni za nini, anatafuta kalenda dakika nzima huku mkutano umeanza. Nilimkalisha chini nikamwuliza kila programu moja moja: hii inakufanyia nini? Jibu kwa sentensi moja. Akigugumia, naifuta. Zilizobaki hazikuzidi ishirini na nne, nazo nilizitia kwenye folda, folda nikazipa majina, nikazipanga kwa rangi kuanzia nyekundu hadi zambarau. Programu moja ya kazi za kufanya, moja ya kuandika mambo, moja ya kupima muda wa kutulia na kazi. Moja, si tatu. Mtu akiondoka kwangu alikuwa akiishika simu yake kama sufuria lililosuguliwa majivu. Waliniita Daktari wa Simu, nami sikukataa hata mara moja.

Ndiyo maana Mkuu wa kitengo chetu, mama mmoja mkali aitwaye Gil Misuk, alinikamata asubuhi ile ya Alhamisi kando ya mashine ya maji.

"Wewe si ndiye unayejiita daktari?"

"Sijiiti, Mkuu. Naitwa."

"Haya, mwitwa. Nenda kwa Mwalimu Tak ukamwekee programu mpya ya miadi. Leo. Unajua kesho kuna nini."

Nilijua. Kampuni nzima ilijua. Mwalimu Tak alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Muda wote huo binti wa mapokezi alikuwa akimsomea daftari la miadi: nani anakuja saa ngapi, mgongo au shingo. Sasa kampuni ilikuwa imenunua programu. Mfanyakazi anajiwekea nafasi kwenye simu yake, na Mwalimu anaipata kwenye yake. Hakuna tena wa kumsomea. Kesho yake, Ijumaa saa nne, ndipo majaribio yangekwisha, na Mkurugenzi Nam angekuja mwenyewe kulala kwenye kitanda kile. Mambo yakienda sawa, Mwalimu anaajiriwa moja kwa moja. Yakienda kombo, chumba kinageuzwa stoo ya karatasi.

"Kwani unaitaka sana kazi hii, Mwalimu?" nilimwuliza pale chumbani. Lilikuwa swali la kijinga, nalijua, lakini nilikuwa nasubiri programu ishuke.

"Nimekanda watu miaka kumi na tisa kwenye chumba cha chini ya ardhi, nyuma ya stesheni," akasema. "Walevi. Nikiingia jua limetua, nikitoka halijachomoza. Kuona sioni, sawa, lakini jua nilikuwa hata kwenye ngozi silipati. Hapa saa sita nasikia watu wanagombania nani alipe chakula. Naenda kukaa nao. Nachomwa na jua la dirishani upande wa kushoto." Akajigusa shavu. "Ndiyo, naitaka."

Programu ikawa tayari. Mtu mwingine angeaga akaondoka.

"Mwalimu, niachie nusu saa. Nitakupangia simu yote, iwe safi kabisa."

"Weka hiyo ya miadi tu. Nyingine ziache zilivyo."

"Aa, Mwalimu! Nusu saa tu. Wengine hunipangia foleni."

"Hapana, hapana. Usijisumbue."

Hapo ndipo nilipokosea, na naomba nieleweke, maana kosa lile mtu wa kwingine asingelifanya. Kwetu mtu mzima akikataa mara ya kwanza, ni salamu. Akikataa mara ya pili, ni adabu. Bibi yangu hulikataa tunda la pichi mara mbili huku mkono wake umeshalifikia. Usiposisitiza, umemnyima. Mimi nikamsikia Mwalimu Tak akisema hapana mara mbili kwa sauti laini, nikaelewa kama nilivyolelewa kuelewa: anataka sana, anaona haya.

Mteja wake wa kwanza akaingia wakati huohuo, fundi wa kung'arisha fremu, akijishika shingo. Mwalimu akainuka kumpokea. Nikaichukua simu kutoka kwenye kigoda nikashuka nayo mezani kwangu.

Ilinipa shida mwanzoni. Kila nilipogusa, ilipiga kelele zile za kunde. Nikaizima sauti, nikaliinua pazia, skrini ikawaka, nikacheka kwa nguvu hadi jirani yangu akageuka.

Ilikuwa fujo. Skrini ilikuwa na safu tano kwenda chini, na safu ya katikati ilikuwa tupu kabisa, kama uchochoro. Alama zilikuwa zimetawanyika huku na huku za uchochoro ule, nyingine mbili mbili, nyingine peke yake, na mapengo kila mahali. Dira ilikuwa chini kabisa pembeni, haina jirani. Redio ya besiboli ilikuwa karibu na chini, imejitenga. Juu kabisa kulikuwa na programu moja nisiyoijua. Nikaifungua, ikalia kama birika, basi. Haikuwa na kitufe wala maandishi. Nikaielekeza dirishani, mlio ukapanda. Nikaifunika, ukashuka. Nikajiuliza swali langu: hii inamfanyia nini? Inapima mwanga. Mtu asiyeona apime mwanga wa nini? Nikaifuta.

Kisha nikafagia. Nikaujaza ule uchochoro. Nikatengeneza folda nne: Kazi, Safari, Habari, Nyumbani. Nikaongeza programu ya kazi za kufanya, ile bora, ninayoitumia mwenyewe. Nikapanga kwa rangi. Niliporudisha sauti na pazia, skrini ikarudi kuwa nyeusi, na nikahuzunika kidogo kwamba kazi nzuri kiasi kile haionekani. Nakumbuka vizuri kwamba nilihuzunika. Sikushtuka.

Alinipokea simu kwa mikono miwili, akashukuru.

Saa saba mchana nilikuwa kwenye kantini mbele ya bakuli la tambi baridi, Mkuu Gil akasimama juu yangu.

"Pyo. Weka vijiti chini."

"Mkuu?"

"Watu wawili wamekutana mlangoni kwa Mwalimu, mmoja ameshavua shati. Wa tatu amesubiri dakika ishirini akaondoka anatukana. Mwalimu amekaa anagonga kioo kama kuku anadonoa. Binti wa mapokezi amekwenda kumsaidia, na kusaidiwa ndiko kunakokatazwa! Umemfanya nini mama wa watu?"

"Nimempangia simu."

"Nilikwambia umpangie?"

"Hapana, lakini..."

"Kesho saa nne, Pyo. Mama huyu akirudi chini ya ardhi, wewe nitakuhamishia huko huko umshikie taulo."

Tambi sikuzimaliza. Kazi zilinishika hadi saa kumi na moja, kisha nikapanda zile ngazi, moja moja safari hii. Nyuma ya mlango kunde zilikuwa zikimwagwa, zikikatika, zikimwagwa, zikikatika. Sasa nilielewa maana ya kukatika. Alikuwa anapotea.

"Leo unatembea kama mzee," akasema nilipoingia.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ulinisikia niliposema hapana?"

"Nilikusikia, Mwalimu."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Nikadhani ni adabu."

Feni ikageuka kwake, ikageuka kwangu. Nilitegemea atapaza sauti, na ingekuwa nafuu.

"Umeingia nyumbani kwangu," akasema polepole, "umehamisha kitanda, jiko na mlango, umeziba ukumbi. Halafu Misuk ananiambia umezipanga kwa rangi. Kwa rangi, Pyo!"

Sikuwa na pa kuuficha uso, na mbele yake sikuhitaji kuuficha, na hilo lilizidisha uchungu.

"Nirudishie ilivyokuwa," akasema.

"Sikupiga picha. Sikumbuki ilivyokuwa. Niliona ni... niliona haina mpango."

"Haina mpango." Akasimama, akakunja mikono ya koti. "Vua shati. Lala hapo."

"Mwalimu?"

"Lala kifudifudi, uso kwenye tundu. Simu iweke kwenye kigoda chini yako, upande wake wa juu uelekee kichwani kwako. Mikono yako iteremke pande zote mbili. Unaiona skrini?"

Nilikuwa nimelala, uso tunduni, na chini yangu kwenye kigoda simu ilikuwa imelala chali, ikinitazama. Nikaliinua pazia. "Naiona."

"Vunja folda zako. Toa kila kitu kwenye ukurasa. Imebaki tupu?"

"Tupu."

"Sasa sikiliza."

Kidole chake kikatua juu ya bega langu la kulia, kikazama. Nikapiga yowe.

"Hapo. Kila anayefanya kazi ya kompyuta anaumwa hapo. Ndipo kidole changu cha gumba kinapoangukia kwanza nikiishika simu. Nilipaacha wazi miezi mitatu, nikisubiri hiyo programu yenu. Miadi iweke hapo."

Nikatazama chini. Safu ya pili kutoka kulia, mstari wa pili. Nikaiweka miadi, na hapo, katikati ya maumivu, nikaona. Ule uchochoro mtupu wa katikati ulikuwa uti wa mgongo. Yale mapengo yalikuwa mapengo ya mwili. Niliyoicheka asubuhi ilikuwa ramani ya mtu aliyelala.

"Umeiweka?" akauliza.

"Ni mgongo, Mwalimu. Simu yako ni mgongo."

"Ingekuwa nini kingine? Mgongo ndio kitu pekee ninachokijua chote bila kuuliza mtu. Niliusoma miaka miwili kwenye shule ya wakandaji, kidole kwa kidole. Nilipopata simu ya kwanza ya kioo, isiyo na vitufe, nililia. Kioo kitupu, laini, hakina hata kipele. Nikawaza: hiki ni ngozi tu. Kila ngozi ina ramani yake chini." Kidole kikahamia bega la kushoto, kikazama tena. "Hapa, ujumbe. Bega la kushoto watu hubebea mikoba na maneno ya watu."

"Aiyo! Taratibu!"

"Vumilia, Misuk alisema wewe hodari. Chini ya mfupa huu wa bega, hali ya hewa. Mvua ikikaribia, hapa ndipo wazee hulalamika."

"Imekaa."

"Mbavuni kulia, ile inayonisomea barua na makopo kwa kamera. Mbavuni kushoto, kinasa sauti. Kimoja kinavuta pumzi, kingine kinatoa. Kiunoni kulia, mambo ya kufanya. Ninayo yangu, si hiyo yako uliyoniletea, yako inaongea mno."

"Ni bora hiyo, Mwalimu, ina..."

Kidole kikazama kiunoni. Nikaiweka ya kwake.

"Makalioni kushoto, redio ya besiboli."

"Kwa nini makalioni?"

"Besiboli unaisikiliza umekaa wapi, wewe?" Nikacheka ndani ya tundu, machozi yakadondokea skrini, nikayafuta kwa kidole gumba. "Mguu wa kulia, programu ya kuita teksi. Mguu wa kushoto, treni. Wayo wa kulia, peke yake, usiisogeze: dira."

"Dira unaitumia?"

"Ninaposhuka kwenye treni ya juu kila mlango unanigeuza. Dira inanitetemeshea kaskazini. Nyumbani kwangu ni kaskazini."

Kisha mkono wake ukapanda hadi kisogoni, ukatua pale penye nywele fupi, kwa upole ambao haukuwa wa kazi. "Na hapa. Hapa ilikuwepo moja. Nimeitafuta tangu asubuhi."

Nilijua ni ipi. "Ile inayolia kama birika."

"Hiyo hiyo."

"Niliifuta. Nilijiuliza inakufanyia nini, nikakosa jibu."

"Ungeniuliza mimi." Mkono haukuondoka. "Mwanga ulikuwa kitu cha mwisho kunitoka. Sura zilikwenda nikiwa mdogo, rangi zikafuata, lakini mwanga nilibaki nao hadi miaka thelathini na moja. Nilikuwa nikigeuza uso namna hii, najua dirisha liko wapi. Kisha siku moja likawa haliko. Sasa naiuliza simu. Asubuhi nainyoosha, inalia juu, najua kumekucha. Na wateja wangu wanaona, Pyo. Nikisahau taa, wanajigonga. Ulipobisha hodi leo asubuhi nilikuwa nimeshaiuliza, ikaniambia giza, maana jua halifiki dirishani huku hadi mchana. Ndiyo maana nilikwambia uwashe."

Mtu aliyepoteza mwanga alikuwa amejiwekea mwanga kisogoni, nami nilikuwa nimeufuta kwa sababu haukuwa na kitufe.

Nikaanza kuitafuta. Kwenye duka la programu zilikuwepo nne zinazofanana, na zote zilikuwa na alama ya jua. Nikashusha ya kwanza, nikaielekeza dirishani.

"Siyo. Hiyo inalia kama mbu."

Ya pili.

"Hiyo ni ambulensi. Unataka kuniua?"

Ya tatu ilitamka tarakimu za mwanga kwa sauti ya kike. "Sitaki kuambiwa hesabu," akasema. "Nataka kusikia."

Ya nne ilianza chini, kama maji yanayofikiria kuchemka. Jua la saa kumi na mbili lilikuwa bado limeegemea dirisha. Nilipoinyoosha upande huo, mlio ukapanda, ukapanda, ukasimama juu kabisa. Mwalimu Tak akageuka polepole, si kwa sikio, kwa uso mzima, mpaka mwanga ukampata sawasawa kwenye mashavu.

"Hapo," akasema.

Nikaiweka kisogoni. Nikarudisha sauti, nikashusha pazia, nikampa simu. Kidole kikaanguka begani: trr. Kikashuka mguuni: trr. Wayo, kiuno, kisogo. Hakuna kilichokatika katikati. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda bila shati, mgongo unawaka kila alipogusa pale, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kujisifu kwa kupanga simu za watu, nilikuwa nimeiona simu iliyopangwa.

Ijumaa Mkuu Gil alinisimamisha koridoni mbele ya mlango wa Mwalimu, ulioachwa wazi kwa ajili ya joto. "Usiingie," akaninong'oneza. "Usiguse kitu. Usipumue kwa nguvu."

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Kitandani alikuwa fundi yuleyule wa kung'arisha, anaguna kwa raha. Mwalimu alikuwa amezamisha kiwiko cha kushoto begani kwake, sikioni ana spika ndogo, simu imelazwa pembeni ya kitanda, nyeusi. Simu ikatetemeka. Kutoka sikioni mwake nikasikia uzi mwembamba wa kunde.

Wakati huohuo Mkuu Gil akatazama simu yake, rangi ikamtoka. "Ofisi ya Mkurugenzi wamesogeza. Anakuja saa tatu na nusu. Lakini saa tatu na nusu kuna binti wa mauzo!"

"Tumwambie?"

"Tukimwambia, amesaidiwa!"

Mwalimu hakuondoa kiwiko. Mkono wa kulia ukashuka kwenye kioo cheusi, na mimi nikasikia mgongoni kwangu alipogusa. Bega la kulia: miadi. Akagonga mara mbili, akateleza, akateleza, akagonga. Bega la kushoto: ujumbe. Midomo yake ikanong'ona sentensi moja kwa simu. Kunde. Kunde. Bega la kulia tena. Kiuno, akaandika jambo. Kisha kidole kikapanda kisogoni, akaiinua simu kidogo kuelekea taa, birika likalia, akaridhika, akairudisha. Fundi alikuwa bado anaguna kwa mpangilio uleule. Yote hayo hayakuzidi muda ambao mimi huchukua kuitoa simu mfukoni.

"Binti wa mauzo," akasema bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida, "amekubali kuja saa nne. Nyie wawili hapo mlangoni mnaweza kupumua sasa. Na wewe fundi, inuka, dakika zako zimekwisha."

Mkuu Gil akanishika mkono, akanifinya. Sidhani alijua kama amenishika.

Mkurugenzi Nam akafika, mtu mnene mwenye haraka, akavua koti, akalala, akasema ana dakika thelathini tu na simu tatu za kupiga. Baada ya dakika sita alikuwa anakoroma. Tulimsikia hadi kwenye ngazi. Simu ilipotetemeka, Mwalimu akamgusa bega.

"Mkurugenzi, nusu saa imekwisha."

"Mm? Tayari?" Akaketi, nywele zimesimama, anatazama chumba kama mtu aliyeshushwa stesheni asiyoijua. "Naweza kuongeza?"

"Kuna anayefuata. Ukitaka, Jumatano ijayo saa nane iko wazi."

"Jumatano saa nane. Haya. Niandikie."

Bega la kulia. Trr.

Mkuu Gil akajishika mdomo kwa mikono miwili. "Majaribio yanakwisha leo," akaniambia kwa kunong'ona. "Leo, Pyo! Naye Mkurugenzi amekubali Jumatano!"

Mchana nilishuka kwenye mashine ya vinywaji, nikapanda na vikombe viwili vya kahawa baridi, barafu inagongana. Mwalimu Tak alikuwa amesogeza kigoda chake karibu na dirisha, shavu la kushoto juani.

"Nimekuletea kahawa, Mwalimu."

"Aa, hapana, hapana. Usijisumbue."

Nikasimama pale pale. Kikombe kilikuwa kimeshanyooshwa, hakikuwa kwake wala kwangu. Barafu ikapasuka ndani yake. Jasho la kikombe likanishuka kwenye kiganja, na nilijitazama nikishindwa kusogea mbele au nyuma.

"Mwalimu," nikasema, "hiyo hapana ni ya kweli, au ni ya adabu?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ya adabu, mpumbavu wewe! Lete hapa, koo limenikauka tangu saa nne."

Nikamwekea kikombe kwenye kiganja, na nikahakikisha vidole vyake vimekishika kabla sijaachia.

"Basi nakuahidi, Mwalimu," nikasema kwa sauti, mlango ukiwa wazi na watu wakipita. "Wewe, na kila atakayenipa simu yake. Nitauliza. Hata nikiitwa mjinga, hata mara mia, nitauliza kwanza."